Kuhamia Dvorak, mpangilio mwingine wa herufi za kibodi, kwa sisi tunaochapa Kiswahili kutwa

Mi kazi yangu ni kuchapa, niko steshenari, risechi za wanachuo, mikataba ya nyumba, barua za kazi. Sikuhama QWERTY (ule mpangilio wa kibodi za kawaida) kutafuta spidi, nlichoka vidole kurukaruka, maana angalia kibodi yako: E, U, I, O zote ziko mstari wa juu, A peke yake ndo ipo katikati. Kwenye Dvorak (August Dvorak na shemeji yake William Dealey waliisajili Marekani 1936) irabu zote tano zimepangwa katikati mkono wa kushoto, A O E U I, na konsonanti nyingi ziko kulia. Waliitengeneza kwa ajili ya Kiingereza, ila silabi zetu karibu zote zinaishia na irabu, kwahiyo mikono inapokezana tu, kulia kushoto kulia kushoto, kama watu wawili wanatwanga kinu kimoja.

Hatua ya 1, iweke. Windows 11 ingia Settings, Time & language, Language & region, bonyeza nukta tatu pembeni ya English, kisha Language options, Add a keyboard, chagua United States-Dvorak. QWERTY usiifute! Kubadilisha unabonyeza Windows na Space. Wa Linux inayotumia X11 (mfumo wa skrini wa zamani) andikeni kwenye terminal setxkbmap us dvorak basi.

Hatua ya 2, paswedi. Kabla hujaandika paswedi angalia kona ya skrini mpangilio gani umewaka, mi siku ya pili nlijifungia nje na mteja kasimama mbele yangu, nikaapa kuna mtu kaibadilisha, kumbe naandika Dvorak huku kichwa kiko QWERTY.

Hatua ya 3, usibandue vitufe wala kubandika stika. Ukihamisha F na J vile vialama vya kupapasa navyo vinahama. Printi picha ya mpangilio, ibandike chini ya skrini, macho yabaki juu.

Hatua ya 4, zoezi. Wiki ya kwanza mstari wa katikati tu, A O E U I D H T N S, dakika 20 usiku, maneno yapo kibao: sasa, hadithi, asante, sauti. Jaribu "dada anaona nanasi saa tisa", sentensi nzima hujanyanyua kidole. Kazini endelea na QWERTY mpaka uache kuchungulia picha, mi ilinichukua kama mwezi na nusu na siku za mwanzo nlikuwa naandika kama babu na simu mpya.

Sasa ubaya wake. K iko pale ilipokuwa V, kidole cha shahada cha kushoto, na kidole hichohicho ndo kinabonyeza U na I, kwahiyo kila "ku" na "ki" kinaruka chenyewe, na Kiswahili bila ku na ki kipo? Mi K naipiga kwa kidole cha kati, inasaidia. L nayo iko mbali kulia juu, kidole kidogo kinalalamika. Ila "ng" ni tamu, inateleza yenyewe. Ctrl+C na Ctrl+V zinahamia kulia, hapo tumia mausi kwanza.

Na kama kompyuta mnashea, ukitoka zamu rudisha QWERTY. Mwenzangu aliandika neno "barua" likatoka "xapga", akaita fundi.