Kupima vizuizi vya asetilikolinesterasi bila kudanganywa na zabibu

Asetilikolinesterasi ni kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, kemikali ya kupitisha ujumbe wa neva; dawa kama donepezili ya Alzheimer hukizuia. Hapa tunapima kama sampuli, mfano ya ganda la zabibu, inakizuia kweli. Nunua cha binadamu, kilichozalishwa katika seli za HEK 293 (seli za binadamu zinazokuzwa maabara). Cha mkunga wa umeme ni cha mazoezi tu. Dawa ya Alzheimer haitafutwi kwa samaki.

1. Kikifika, kigawe vichupa vya mikrolita 20, weka kwenye friza ya -80. Kila kikiyeyuka na kuganda tena hupoteza nguvu. TANESCO wakikata umeme, usifungue mlango kuchungulia.

2. Bafa (myeyusho unaoshikilia pH): fosfeti 0.1 M, pH 8.0, yenye albumini ya ng'ombe 0.1%, la sivyo kimeng'enya kitanata kwenye plastiki. Kipunguze hadi yuniti 0.1 kwa mililita. DTNB (hugeuka njano ikikutana na thioli, kundi la salfa na hidrojeni) na asetilithiokolini (kimeng'enya huivunja, thioli ikatoka) ziwe milimola 10. Asetilithiokolini itengeneze siku hiyohiyo, kwa maji: kwenye pH 8 huvunjika yenyewe.

3. Kila kisima cha sahani: bafa mikrolita 140, kimeng'enya 20, sampuli 20. Subiri dakika 10. Weka DTNB 10, kisha asetilithiokolini 10 kwa pipeti ya midomo minane. Soma ufyonzaji wa mwanga kwa nanomita 412 kila sekunde 30 kwa dakika 5. DMSO (kiyeyushi cha sampuli) isizidi 0.5%, maana nayo huzuia. Iwe sawa katika visima vyote.

4. Hapa ndipo watu hupotelea. Ganda la zabibu nyekundu za Dodoma litakuonyesha uzuiaji mkubwa ajabu, na huenda wote ni wa uongo. Antosianini (rangi ya zabibu) hubadilika rangi kwenye pH 8, na tanini (kemikali ya ganda inayokausha mdomo) hushika protini yoyote inayokutana nayo.

Kwanza, weka visima vya sampuli na vitendanishi vyote bila kimeng'enya, ukatoe mwinuko wake (kasi ya kupanda kwa usomaji). Albumini iwemo humo pia, kwa kuwa ina thioli kidogo inayoipa DTNB rangi.

Pili, badala ya kimeng'enya na asetilithiokolini tumia sisteini (asidi amino yenye thioli), ibaki mikromola 50 kisimani. Bila sampuli, usomaji hupanda kwa takriban 0.4. Sampuli ikiushusha, inaharibu kipimo chenyewe, maana humo hamna kimeng'enya.

Tatu, rudia kwa albumini 1%. Uzuiaji ukiyeyuka, ilikuwa tanini. Donepezili ipimwe sambamba, ili ujue albumini haijaimeza dawa yenyewe.

Mimi huanza na kipimo cha sisteini: ni rahisi na hakitumii kimeng'enya.

5. Kokotoa IC50 (kiwango kinachozuia nusu ya kazi ya kimeng'enya) kwa mwinuko, kamwe si kwa usomaji wa mwisho. Donepezili ikitoka katika mikromola badala ya nanomola, tupa sahani nzima.