Jinsi ya kupanga takwimu rasmi za jimbo: kutoka mezani hadi kwenye meka ya unga

Kila mwaka napokea vijana wapya wa takwimu hapa Lubumbashi, jimbo la Haut-Katanga, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wamesoma vizuri, wanajua kukokotoa na kuchora grafu, na swali lao la kwanza huwa ni lile lile: fomu iko wapi? Huwa nawaambia waketi kwanza. Fomu ni kazi ya hatua ya tano. Takwimu inayokosa kuaminiwa mara nyingi haikuharibikia sokoni. Iliharibikia mezani, pale ambapo hakuna aliyeandika nani anaihitaji, nani ana haki ya kuikusanya, na itatangazwa tarehe ngapi.

Mwongozo huu ni kwa yeyote aliyekabidhiwa programu ya takwimu ya jimbo, ya idara au ya komuni, yaani sehemu ya mji yenye utawala wake. Nitashika mfano mmoja hadi mwisho, bei ya unga wa mahindi, unaopimwa sokoni kwa chombo tunachokiita meka, maana hapa kwetu siku bila bukari (ugali) watu husema hawakula.

Hatua ya 1: Tafuta uamuzi kabla ya namba

Ukimuuliza mkubwa wa idara anataka takwimu gani, atakutajia zote. Muulize hivi: "Ukiwa na namba hii mkononi utaamua nini, na utaamua mwezi gani?" Anayeandaa bajeti ya jimbo anataka mwelekeo wa bei kabla bajeti haijaandikwa. Chama cha wafanyakazi kinataka kujua mshahara wa mwezi unanunua unga kiasi gani. Mfanyabiashara anayeleta unga kutoka Zambia kupitia Kasumbalesa anataka tofauti ya bei kati ya mpakani na mjini, tena kila wiki. Wote wanasema "bei ya unga", lakini hizo ni kazi tatu.

Ziandike kwenye ukurasa mmoja: namba, anayeihitaji, uamuzi, tarehe. Namba isiyo na uamuzi iweke kando, hata kama ni ya mkubwa wako.

Hatua ya 2: Jua mamlaka yako yanaishia wapi

Nchini kwetu takwimu rasmi ziko chini ya Taasisi ya Taifa ya Takwimu, INS, ambayo nayo iko chini ya wizara ya Mipango. Ofisi ya jimbo haibuni mbinu yake ya kupima mfumuko wa bei halafu ikatangaza matokeo kama ya taifa. Kile unachofanya kwa ajili ya jimbo kipe jina lake, na useme wazi kinatofautiana vipi na cha taifa.

Kisha soma nyaraka mbili, kalamu mkononi. Ya kwanza ni Kanuni za Msingi za Takwimu Rasmi za Umoja wa Mataifa. Ziko 10, Tume ya Takwimu ilizipitisha mwaka 1994, na Baraza Kuu likaziidhinisha Januari 2014. Ya pili ni Mkataba wa Afrika wa Takwimu, uliopitishwa Addis Ababa Februari 2009 na kuanza kutumika Februari 2015. Kanuni ya 5 ya Umoja wa Mataifa inaruhusu kuchukua data popote, iwe kwa uchunguzi au kwenye rejista za serikali, mradi upime ubora, wakati, gharama na mzigo kwa anayejibu. Hilo la mwisho ndilo tunalolisahau. Mama anayekujibu sokoni anaacha wateja wake wakati wewe unajaza fomu.

Hatua ya 3: Hesabu kilichopo, na ramani zake

Kabla ya kukusanya kipya, orodhesha kila idara inachoandika tayari: hospitali, shule, forodha, kilimo. Halafu linganisha mipaka, maana hapo ndipo kazi nyingi hukwama kimyakimya.

Mji wetu una komuni 7. Lakini afya haihesabu kwa komuni, inahesabu kwa zoni za afya, nazo ni nyingi kuliko komuni. Kisanga, Mumbunda, Tshamilemba na Vangu ni zoni za afya, si komuni. Elimu nayo ina majimbo yake ya kielimu: Haut-Katanga 1 na Haut-Katanga 2. Kenya, ambayo hapa ni sehemu ya mji wetu, si nchi, ni jina la zoni na la komuni pia. Ukichukua watoto waliochanjwa wa zoni ya Kenya ukawagawa kwa wakazi wa komuni ya Kenya bila kuangalia ramani, utapata asilimia inayoonekana safi kabisa lakini haina maana.

Kuna na mipaka ya wakati. Mwaka 2015 nchi ilitoka majimbo 11 ikawa na 26, na Katanga ikagawanyika kuwa Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Mfululizo wa "Katanga" hauwezi kuunganishwa na wa "Haut-Katanga" kama uzi mmoja. Na idadi ya watu tunayogawia karibu kila kitu ni makadirio, kwa sababu sensa ya mwisho ya taifa ilifanyika mwaka 1984. Kijana aliyezaliwa mwaka ule leo anaweza kuwa na wajukuu. Kwa hiyo kila kiwango unachotoa kiandikie makadirio uliyotumia ni ya nani na ya mwaka gani.

Kazi ya hatua hii ni jedwali moja la maeneo: mtaa, komuni, zoni ya afya, jimbo la kielimu. Litakuchosha wiki mbili, na litakuokoa kwa miaka.

Hatua ya 4: Mpango na pesa

Mkakati wa takwimu huandikwa kwa miaka kadhaa, mara nyingi mitano, kisha kila mwaka unakatwa kipande chake. Hapa sina mengi ya kusema, ila swali moja: mfadhili akiondoka, mwaka unaofuata nani atalipa? Uchunguzi wa 1-2-3, unaopima ajira, shughuli ndogondogo zisizo rasmi na matumizi ya kaya, ulifanyika nchini mwaka 2004-2005, kisha 2012. Kadiri miaka inavyopita kati ya uchunguzi na mwingine, ndivyo uzito wa unga, makala (mkaa) au usafiri katika kapu la bidhaa, yaani orodha ya bidhaa tunazopimia bei, unavyozeeka. Afadhali kazi ndogo itakayorudiwa kila mwezi kuliko kubwa itakayofanyika mara moja.

Hatua ya 5: Sasa nenda sokoni, na mizani

Katika soko la Kenya, mwenye pesa atabeba mfuko wa kilo 25. Wengi wetu tunanunua kwa meka, na meka ni chombo, si kilo. Mezani utaandika "bei ya meka moja", utaridhika, na utakuwa umekosea.

Nilijifunza hilo asubuhi moja mbele ya meza ya mama mmoja muuza unga. Niliuliza meka ni bei gani, naye akajibu, "Bei ni ileile ya jana, mutoto yangu. Ila matabishi haiko leo." Matabishi ni ule unga anaokuongezea juu baada ya meka kujaa, ukufi mmoja au miwili, kwa ajili ya urafiki. Fomu yangu haikuwa na mahali pa kuandika matabishi. Ilitaka bei, na bei haikubadilika. Lakini mnunuzi aliyesimama kando yangu alikuwa anarudi nyumbani na unga pungufu kwa pesa zilezile. Kwenye karatasi unga haukupanda. Kwenye sufuria ulipanda.

Tangu siku hiyo tunafanya hivi:

- Nunua, usiulize tu. Lipa pesa, pokea unga na matabishi yake kama mteja yeyote. Bei ya kuuliza na bei ya kulipa si ndugu.
- Pima kwenye mizani yako kila ulichopewa, kisha kokotoa bei ya kilo. Angalia na kitako cha meka: kikibonyezwa kuelekea ndani, chombo kile kile kinabeba kidogo.
- Nunua kwa wauzaji wasiopungua watatu katika kila soko, siku ileile ya wiki, saa ileile. Bei ya saa mbili asubuhi si ya saa kumi na moja jioni.
- Andika kama ulilipa kwa faranga au kwa dola, na kiwango cha kubadilisha siku hiyo palepale sokoni, si cha benki.
- Aina ya unga isibadilike. Ikikosekana, andika "haipo". Usiweke nyingine ili kujaza nafasi.

Unga wa vipimo una gharama, kwa hiyo uingie kwenye bajeti ya hatua ya 4. Jaribuni fomu wiki mbili nzima kabla ya kuanza rasmi, na mchunguzi mmoja apite nyuma ya mwenzake bila kumwambia siku.

Hatua ya 6: Tangaza kalenda kabla ya namba

Mwaka haujaanza, bandika kalenda ukutani na mtandaoni: namba gani, tarehe gani, saa ngapi. Wote wapate saa moja, mkubwa na mwandishi wa redio.

Wakati mmoja, ofisi niliyokuwa nikifanya kazi iliombwa icheleweshe namba ya bei "siku chache tu", kwa sababu kulikuwa na kikao. Hatukuwa na kalenda, kwa hiyo hatukuwa na cha kujitetea nacho. Tukakubali. Namba ilipotoka haikuwa imeguswa hata nukta moja, lakini mjini walishasema imepikwa, na sikuwa na njia ya kumwonyesha mtu yeyote kwamba haikupikwa. Hilo linaniuma hadi leo. Kama kuna anayepaswa kuiona mapema, andika cheo chake na saa zake, na orodha hiyo nayo itangazwe.

Hatua ya 7: Linda aliyekujibu

Kanuni ya 6 ya Umoja wa Mataifa inasema habari za mtu mmoja mmoja ni siri na ni za takwimu pekee. Muuzaji anaogopa mtu wa kodi, na ana sababu. Kwenye fomu mwandike kwa namba badala ya jina. Daftari la majina likae kabati tofauti, ufunguo kwa mtu mmoja. Soko likiwa na wauzaji wawili tu wa bidhaa fulani, usitoe bei ya soko hilo peke yake, maana kila mmoja atamtambua mwenzake. Na mtu wa kodi akija kuomba daftari, jibu ni hapana, kwa maandishi.

Hatua ya 8: Kosa likitokea

Litatokea. Usibadilishe faili usiku ukanyamaza. Weka taarifa juu ya jedwali: tarehe, kilichokuwa, kilicho sasa, na sababu. Namba ya zamani iache ionekane. Na mtu akitumia takwimu zako kusema zisichosema, kanuni ya 4 inakupa haki ya kumsahihisha hadharani, hata kama ni mtu mzito.

Baada ya hapo rudi kwa watu wa hatua ya 1 na ule ukurasa wao. Uliza kama ule uamuzi ulifanyika kweli. Mwaka jana mmoja aliniambia hakuwahi kulifungua jedwali letu, kwa sababu yeye hununua kwa mfuko na sisi tulikuwa tunaandika bei ya meka pekee. Sasa jedwali lina safu mbili.