Boksi la vijiko vya harusi usilitupe, liwekee kioo utunzie sarafu za zamani

Majumbani kwetu kuna lile boksi la mbao la seti ya vijiko, uma na visu, zawadi ya harusi, ndani limevalishwa mahameli nyekundu au bluu na kuna vinafasi vya kushikilia kila kijiko. Vijiko vyenyewe vilishapotelea kwenye misiba na shughuli za watu, boksi limebaki tupu juu ya kabati. La bibi yangu nimeligeuza kasha la kioo la sarafu alizokuwa anaweka kwenye kopo la maziwa, kuna hela za Mjerumani, kuna shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba, kuna za Tanzania za 1966 zile za mwanzo kabisa.

Kwanza likague boksi. Liwe mbao kweli, sio kadibodi iliyovishwa ngozi feki, maana ukikata kifuniko cha kadibodi kinalegea chote. Gonga gonga chini uone kama unga unadondoka, ukidondoka ujue wadudu wameshaingia, tafuta jingine. Bawaba zikiwa na kutu badilisha tu, hardware ndogo ndogo wanazo.

Halafu toa vile vibao vya ndani vyenye nafasi za vijiko, vingi vimegundishwa tu, ingiza kisu butu pembeni unyanyue polepole. Mahameli ya chini iache kama ni nzima, ipige brashi kavu, uianike kivulini penye upepo, sio juani maana rangi itapauka.

Kifuniko ndo kazi yenyewe. Pima sentimita 4 kutoka kila ukingo, chora mstatili, toboa kona nne kwa drili afu kata kwa msumeno mwembamba, kama huna mpelekee fundi seremala, ni kazi ya muda mfupi kwake. Piga msasa mpaka kingo ziwe laini. Kioo cha milimita 3 kinatosha, fundi vioo akukatie kikubwa kuzidi lile dirisha kwa sentimita 1 kila upande, unakilaza kwa ndani ya kifuniko na kukibana na vifito vyembamba vya mbao kwa misumari midogo. Nasisitiza misumari kwa sababu mara ya kwanza nilitumia silikoni, ile inayonuka kama siki, nikafunga boksi siku hiyo hiyo, sarafu za shaba zikapata madoa ya kijani. Ile harufu ni asidi inayotoka gundi ikikauka. Kama lazima uitumie, basi acha boksi wazi siku kadhaa mpaka harufu iishe kabisa ndo uweke vitu.

Ukimaliza hapo piga vanishi nje tu, ndani usiguse.

Sasa kitanda cha sarafu. Sponji ya godoro usitumie, baada ya muda inameguka unga unga na kunata. Mimi nilikata kipande cha mbao nyembamba kienee chini ya boksi, nikakivika kitambaa cha pamba cheusi kilichofuliwa, ncha nikazikunjia nyuma na kuzibana kwa pini za stepla. Sarafu zenye tundu ni rahisi sana, zile senti 10 na senti 5 za mkoloni, unazishona moja kwa moja kwenye kitambaa kwa uzi wa pamba kabla hujakibana, hakuna gundi hakuna nini. Tena ziangalie vizuri, ukikuta ya 1936 yenye jina la Edward VIII itunze, huyo mfalme wa Uingereza alikaa kwenye kiti chini ya mwaka mmoja. Zisizo na tundu zitengenezee vijikona vya karatasi kama vya albamu ya picha, karatasi ndo inagusa gundi, sarafu haigusi.

Na jamani msisafishe sarafu! Majivu, ndimu, dawa ya meno, vyote vinakula uso wa sarafu na mkusanyaji akiiona tu anajua, thamani inashuka. Shika kwa ukingo, mikono mikavu.

Andika vijilebo kwa penseli, mwaka na ilikotoka, mimi kwenye hela ya Mjerumani nimeandika kwamba neno hela lenyewe limetokana na heller, jina la sarafu ya Mjerumani, na wageni wakifika wanaanzia hapo kusoma. Kwa sisi wa pwani unyevu ndo adui mkubwa, weka kona moja vile vipakiti vya chengachenga vinavyokuja kwenye viatu vipya, ubadilishe kila baada ya miezi michache, na kasha lisikae ukuta unaopigwa na jua la mchana. La kwangu liko sebuleni chini ya picha ya bibi, funguo anayo mama.