Mguu Mmoja Ukivimba, Chukua Futi Kamba

Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi, mwaka wa 23 sasa. Kibaraza changu kiko njia ya Soko la Mbuyuni, nashona sare za shule, magauni ya kipaimara na vitenge vya sendoff. Kabla sijaugua bonge la damu kwenye mshipa wa mguu, mguu kwangu ulikuwa kitu cha kupimia suruali tu.

Desemba moja nilikwenda Kariakoo kuchukua vitambaa, nikarudi kesho yake. Njia ilijaa watu wanaopanda nyumbani kula Krismasi, basi likatembea kwa muda wa saa kumi na mbili. Niliweka mzigo miguuni, nikajinyima maji ili nisisumbuke kutafuta pa kuchimba dawa. Korogwe wenzangu wakashuka kujinyoosha, mimi nikabaki kulinda vitambaa.

Siku ya tatu kigimbi cha kushoto kikaanza kuuma kama nimebanwa msuli. Jirani akasema nimekanyaga kitu cha watu. Mama mkwe akachemsha maji ya chumvi, akanikanda asubuhi na jioni, maskini, kwa upendo wote. Zahanati moja ikanichoma sindano ya kutuliza maumivu ikasema ni uchovu. Siku ya tano kiatu hakiingii. Binti mmoja anayesomea udaktari, mteja wangu, alikuja kuchukua koti lake. Akautazama mguu, akachomoa futi kamba shingoni mwangu, akapiga magoti kunipima. Kulia sentimita 36, kushoto 40 na nusu. Akasema, "Mama, mwambie bibi aache kukanda. Twende hospitali sasa hivi."

Basi anza na kipimo hicho, maana futi kamba haikosekani mtaani. Kaa miguu ikining'inia. Papasa chini ya goti, mbele, utakuta kifundo cha mfupa. Kutoka hapo shuka sentimita 10, weka alama ya chaki au kalamu, kisha zungusha futi bila kukaza. Fanya vivyo hivyo mguu wa pili, alama ileile. Tofauti ikifika sentimita 3 au kuzidi, na mguu ulikuwa mzima wiki iliyopita, usilale nayo. Ikiwa chini ya hapo lakini kigimbi kinauma ukikibonyeza, kina joto kuliko mwenzake, au ukibonyeza kwa kidole pengo linabaki, nenda vilevile. Vitabu husema ngozi huwa nyekundu. Kwenye ngozi kama yangu wekundu huo hauonekani vizuri, tegemea joto, maumivu na futi.

Miguu yote miwili ikivimba pamoja, mara nyingi hiyo ni habari nyingine, ya moyo, figo, ini au ujauzito. Nayo ni ya hospitali.

Kinachoogopwa ni bonge la damu kung'oka mguuni likapanda hadi mapafuni. Ukisikia pumzi imekata ghafla, kifua kinachoma ukivuta hewa, moyo unakwenda mbio, unakohoa damu au unazimia, hapo hakuna kusubiri kesho wala kunywa tangawizi. Tafuta gari. Ndiyo sababu pia mguu wa namna hii haukandwi wala hauchuliwi.

Sasa nikueleze kwa lugha ya fundi. Damu inayoshuka miguuni kupitia ateri inasukumwa na moyo. Inayorudi kupitia vena inapanda mlima, na anayeipandisha zaidi ni kigimbi: kila ukikanyaga, msuli hubana vena na damu husogea juu. Ndani ya vena mna vali, na umbo lake ni kama mifuko miwili ya shati inayotazamana, midomo ikiangalia juu. Damu ikitaka kurudi chini, mifuko hujaa, inafunga njia. Ukikaa saa nyingi bila kukanyaga, damu hutuama, na inapenda kutuama humo humo kwenye pindo za mifuko. Bonge huanzia hapo.

Nilimsimulia daktari kwamba mwaka ule nilikuwa nimeacha cherehani ya kukanyaga nikanunua ya mota. Akacheka, akasema hawezi kuapa kwamba ndiyo sababu. Lakini ile ya kukanyaga nimeirudisha, nashonea pindo.

Madaktari hupanga sababu katika mafungu matatu yanayoitwa kwa jina la Rudolf Virchow, Mjerumani wa karne ya 19: damu kutuama, ukuta wa mshipa kuumia, na damu yenyewe kuwa rahisi kuganda. Fungu la tatu ndilo watu hawalijui. Wapo wanaozaliwa na upungufu wa protini zinazozuia kuganda, yaani protini C, protini S na antithrombini. Kuna hitilafu nyingine ya kurithi, Faktori V Leiden, iliyogunduliwa 1994, ila hiyo ni ya watu wenye asili ya Ulaya zaidi, kwetu ni nadra. Wengine huipata ukubwani: mwili hutengeneza kingamwili dhidi ya fosfolipidi, yaani mafuta ya kuta za seli zake wenyewe, na mwanamke huharibu mimba mara kwa mara bila kujua kwa nini. Kipimo chake hurudiwa baada ya wiki 12 ndipo kiaminike. Saratani, VVU, kifua kikuu, selimundu, upasuaji, vidonge vya uzazi vyenye estrojeni, ujauzito na wiki 6 baada ya kujifungua, vyote huisukuma damu upande huo.

Kwa hiyo kabla hujaenda kliniki, waulize wazee. Mimi nilimuuliza mama, akaniambia habari ambayo hakuwahi kuisema: shangazi yangu alikufa siku ya tisa baada ya kujifungua, amekaa kitandani, akalalamika kifua, basi. Watu walisema kijicho. Mzazi wa Kichaga hulishwa mtori, hatakiwi kushika hata ufagio, na mtori siupingi mtu asinielewe vibaya. Ila mzazi aamshwe atembee uani.

Hospitalini walinitoa damu, kisha altrasaundi ya mguu. Anayepima hubonyeza vena kwa kile kifaa: iliyo nzima hujikunja kama bomba tupu, yenye bonge haijikunji. Nikaanza dawa za kuzuia damu kuganda: sindano za heparini, kisha vidonge vya warfarini. Wengine siku hizi hupewa rivaroksabani, ambayo haihitaji kupimwa damu kila mara, lakini uliza bei ya miezi yote kabla hujaanza, maana tiba ni miezi 3 kwa uchache na kuikatisha katikati ni hatari.

Warfarini ina maneno yake. Jirani alisoma kwamba iliuzwa kama sumu ya panya mwaka 1948, akaja mbio. Ni kweli, na watu wakaanza kutibiwa nayo 1954. Kinachotofautisha ni kipimo, ndiyo maana unapimwa INR, namba inayoonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani, na kwa wengi wetu hutakiwa iwe kati ya 2 na 3. Mboga za majani zina vitamini K inayopunguza nguvu ya dawa. Sikuacha mnafu wala kisamvu, nakula kiasi kilekile kila wiki. Kinachovuruga ni kula sufuria zima Jumapili baada ya wiki kavu. Aspirini, diklofenaki na dawa za mitishamba usichanganye bila kuuliza. Flagyl na Septrin huizidisha, rifampisini ya kifua kikuu huipunguza. Ukishika mimba, sema siku hiyo hiyo. Sindano ikinichoma kidole nabana muda mrefu kuliko zamani, hilo la kawaida. Choo cheusi kama lami, mkojo mwekundu, au kuanguka ukagonga kichwa, hayo si ya kawaida.

Watu wengi hudhani dawa zikiisha ugonjwa umeisha. Bonge huyeyuka, lakini lile kovu hukakamaza mifuko ya vali, midomo haikutani tena. Damu inarudi chini kila ukisimama. Jioni mguu mzito, soksi imechora mstari, baada ya miaka ngozi juu ya kifundo cha mguu upande wa ndani inakuwa nyeusi na ngumu, na siku moja jeraha dogo la kujikuna linakataa kufunga. Vidonda ndugu vingi vya miguuni vinavyopakwa majivu huko vijijini vina historia hiyo. Na njia inakwenda kinyume pia: mwenye mishipa iliyovimba na kujipinda miguuni, damu yake inasuasua humo. Mshipa wa juu ukigeuka kamba ngumu inayouma, usiseme ni mshipa tu, nao upimwe, hasa ukiwa karibu na kinena.

Soksi za kubana zinapunguza uvimbe, ila zina ushonaji wake. Pimwa asubuhi kabla hujavimba: kifundo penye wembamba, kigimbi penye unene, na urefu hadi chini ya goti. Vaa kabla hujashuka kitandani, vua usiku. Daktari kwanza ahakikishe ateri zako ni nzima, maana mguu usiofikiwa na damu ukiubana unauumiza. Zangu za kwanza nilinunua mitumbani, nikajiona mjanja. Nilipozivuta kwa mikono ya fundi nikajua mpira umekufa.

Safari ikizidi saa 4, omba kiti cha kando ya njia, mzigo upeleke buti. Kunywa maji, shuka kila wanaposhuka, na ukiwa umekaa inua visigino na vidole kwa zamu kana kwamba unakanyaga cherehani.

Vipimo vyangu nimeviandika kwenye daftari la wateja, ukurasa wa mwisho, kila Jumapili kabla ya ibada. Wiki iliyopita: kulia 36, kushoto 37 na nusu.