Sukari, Lanchi Boksi na Bufee ya Loji: Jinsi ya Kula Ukienda Ngorongoro Kutoka Arusha

Likizo zikikaribia, swali linalonifikia hapa kliniki ya kisukari ni lile lile: "Nesi, watoto wamenilipia safari ya Ngorongoro. Nitakula nini huko?" Chakula kipo, mama, tena kizuri. Tabu iko kwenye saa. Nyumbani unakula saa 7 mchana kwa sababu sufuria iko jikoni kwako. Hifadhini unakula pale dereva atakapofika eneo la kulia chakula, na faru akionekana njiani hakuna anayekumbuka njaa. Wakati huo insulini uliyochoma alfajiri inaendelea na kazi yake.

Mwongozo huu nimeupanga kwa safari ya siku mbili: kutoka Arusha alfajiri, mchana ndani ya kreta, usiku kulala Karatu. Anayekwenda Tarangire, Manyara au Hifadhi ya Arusha abadilishe saa tu, mengine ni yale yale.

Hatua ya 1: Pita kliniki kabla ya kulipa nauli

Nenda na dawa zako zote mkononi, siyo majina ya kukumbuka. Uliza maswali mawili. La kwanza: kati ya dawa hizi, ipi inaweza kunishusha sukari nikichelewa kula? Metformini ikitumika peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi. Insulini, glibenklamaidi na gliklazidi zinaweza, na glibenklamaidi hukaa mwilini muda mrefu, hasa kwa wazee na wenye figo dhaifu. La pili: siku ya safari nichome au nimeze kiasi gani, na saa ngapi? Dozi asibadilishe shemeji wala dereva, na wewe mwenyewe usiibadilishe bila kuelekezwa.

Omba pia karatasi fupi yenye majina ya dawa na dozi zake. Mtu akizidiwa Karatu, karatasi hiyo inamwokolea daktari muda mwingi. Na kama una kidonda mguuni, au sukari ya asubuhi imekuwa juu ya 15 (namba zote hapa ni za mmol/L) siku kadhaa mfululizo, ahirisha. Kreta haihami.

Hatua ya 2: Ongea na jikoni siku mbili kabla

Hapa ndipo wengi wanapokosea maneno. Ukisema "naomba chakula kisicho na sukari", utaletewa chai isiyo na sukari na mlima wa wali. Kwa wapishi wengi sukari ni ile ya kwenye kopo. Wali, chapati, viazi na ndizi kwao ni chakula tu, hakina kosa. Kwa hiyo taja vyakula kwa majina yake na idadi yake. Ujumbe ninaowapa wagonjwa wawatumie watu wa kampuni ya utalii ni huu:

"Habari za kazi. Mimi ni abiria wenu wa Jumamosi. Nina kisukari na natumia insulini. Naomba boksi langu liwe na kipande cha kuku wa kuchoma, yai moja la kuchemsha, kachumbari au mboga mbichi, nusu parachichi, vipande viwili vya mkate, tunda moja dogo na maji. Juisi, keki na biskuti msiweke. Naomba pia tule kabla ya saa 7 na nusu mchana, na dereva aambiwe. Asanteni sana."

Dereva umwambie tena asubuhi kwa mdomo, mkishasalimiana vizuri. Ujumbe hupotelea ofisini, na anayeshika usukani ndiye anayeshika saa ya kula. "Kaka, mimi nina sukari, nikikaa na njaa naweza kuanguka" inatosha. Sijawahi kusikia dereva aliyelipuuza hilo.

Hatua ya 3: Funga kibegi kinachokaa miguuni pako

Kisipande juu ya gari na kisiende nyuma kwenye mizigo. Weka mashine ya kupimia, stripu za kutosha mara mbili ya unavyodhani, dawa za siku mbili zaidi, sukari au glukosi ya unga, karanga, chupa ya maji, na chupa tupu ya plastiki ngumu ya kutupia sindano.

Insulini unayoitumia sasa hukaa vizuri nje ya friji kwa takriban wiki nne, mradi joto lisizidi nyuzi 30. Ndani ya gari lililosimama juani joto hupita hapo haraka, kwa hiyo usiiache kwenye dashibodi hata mnaposhuka kujiandikisha getini. Baridi nayo ni adui. Wenye gari watakuonyesha boksi lao la barafu kwa ukarimu, ila insulini iliyoganda imeharibika hata ikiyeyuka ikaonekana safi. Ikibidi kuiweka humo, ifunge kwenye taulo au khanga iliyokunjwa mara kadhaa, isigusane na barafu.

Hatua ya 4: Asubuhi, choma ukiwa unakiona chakula

Safari nyingi huondoka saa 12 asubuhi. Watu hukurupuka, huchoma insulini saa 11, kisha husema "tutakunywa chai njiani." Njiani ni wapi? Kisongo mmeshapita, Makuyuni foleni ya chooni, na mpaka Mto wa Mbu jasho limeshakutoka.

Pima kwanza. Mezani pakiwa na chakula, ndipo uchome, na kama yako ni ile ya kusubiri nusu saa kabla ya kula, amka mapema uisubirie nyumbani. Kula mlo wa kweli: mayai mawili, chapati moja au vipande viwili vya mkate, mboga iliyobaki jana. Chapati moja ya kawaida ina wanga wa gramu 40 hivi, kwa hiyo chapati na mkate pamoja ni wanga wa kuzidi mlo mmoja. Uji wa ulezi unakubalika, kikombe kimoja, bila sukari.

Mto wa Mbu mtasimama, na ndizi nyekundu zitaletwa dirishani. Nunua, huwezi kupita bure. Kula moja ndogo kama kitafunwa cha saa 4, nyingine wape wenzio. Baada ya kumenya tunda osha mikono kabla ya kupima, kwa sababu utomvu wa tunda kidoleni huifanya mashine isome sukari ya tunda badala ya yako. Nimeona mtu akitetemeka kwa njaa huku mashine ikimwonyesha 16. Tulipoosha kidole kwa maji, tukafuta tone la kwanza na kupima la pili, ikasoma 3.6. Angeamini ile namba ya kwanza angejiongezea insulini.

Hatua ya 5: Ukingoni mwa kreta, kumbuka baridi

Arusha iko kwenye mita 1,400 hivi, ukingo wa kreta unapita mita 2,200. Asubuhi pale ukungu unaingia mpaka ndani ya koti. Mashine nyingi hazipimi vizuri chini ya nyuzi 10, zinaandika kosa tu. Ibebe mfuko wa ndani wa koti. Vidole navyo vikiwa vya baridi havitoi damu, visugue kwanza.

Hatua ya 6: Fungua boksi, ligawe

Tuseme ujumbe wako haukufika na umepewa boksi la wote. Usigombane na mtu, lifungue tuliangalie. Mara nyingi ndani kuna sandwichi, mguu wa kuku, yai, ndizi mbivu, keki ya kikombe, juisi ya boksi, biskuti au chokoleti. Hesabu wanga: sandwichi gramu 30, ndizi 20 hadi 25, keki 30 hivi, juisi ya mililita 250 inafika 25 au zaidi. Ukimaliza vyote umepita gramu 100, wakati wagonjwa wangu wengi mlo mmoja tunawapangia 45 hadi 60.

Anza na kuku na yai, halafu mboga kama ipo, sandwichi iwe ya mwisho. Kula protini na mboga kabla ya wanga husaidia sukari isipande kwa kasi. Ndizi au keki, chagua kimoja, na mimi ningechagua ndizi. Juisi usiitupe wala kuigawa: itie kwenye kibegi, hiyo sasa ni dawa.

Kwa wanaochoma insulini ya mchanganyiko asubuhi na jioni, mlo huu ndio wa kulindwa kuliko yote. Sehemu ya polepole ya ile dozi ya asubuhi hufanya kazi kwa nguvu katikati ya mchana, umekula au hujala. Saa 7 ikipita na gari bado linazungukia simba, kula nusu sandwichi na karanga humo humo ndani ya gari. Hairuhusiwi kushuka popote unapotaka, lakini kutafuna hakuna aliyekataza.

Mkifika Ngoitoktok, eneo la kulia chakula kwenye bwawa la viboko, mwewe wako juu wanakusubiri. Wanashuka kwa kasi na kunyakua kuku mkononi. Kwa mwenzako hicho ni kichekesho cha kupiga video, kwako ni mlo uliokwishachomewa insulini. Kula ndani ya gari, ukimaliza ndipo ushuke upige picha.

Hatua ya 7: Sukari ikishuka

Jasho la baridi, kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla, ukali usio na sababu, maneno kuchanganyika. Kwenye gari lenye vumbi na joto watu hudhani ni uchovu. Mfundishe anayekaa kiti cha pili ajue dalili hizi, kwa sababu wewe mwenyewe unaweza usijitambue.

Pima. Chini ya 4, kunywa mara moja kitu chenye gramu 15 za sukari: vijiko vinne vya chai vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji, au soda ya kawaida mililita 150, yaani chini kidogo ya nusu ya chupa ya 350. Soda isiyo na sukari haisaidii hata tone. Chokoleti nayo ni ya polepole, mafuta yake yanaichelewesha. Subiri dakika 15, pima tena, bado iko chini rudia. Ikishapanda, kula kitu cha kukaa tumboni, kama mkate na yai. Kama huna mashine karibu na dalili zipo, kunywa kwanza, utapima baadaye.

Aliyepoteza fahamu asimiminiwe kitu mdomoni. Alazwe ubavu, gari ligeuze kwenda hospitali. Karatu zipo, FAME ikiwa mojawapo.

Hatua ya 8: Bufee ya usiku

Kabla ya kushika sahani, tembea kutoka mwanzo wa meza mpaka mwisho, mikono nyuma, kama mkaguzi. Ukianza kupakua ulipoanzia foleni, utajaza wali kabla hujajua kwamba mbele kuna samaki na mnafu.

Halafu pakua hivi. Nusu ya sahani mboga: mchicha, mnafu, kabichi, kachumbari. Robo nyama, kuku, samaki au maharage. Robo inayobaki ndiyo ya wanga, na hapo chagua aina moja. Loji za Kaskazini zinapenda kuweka wali, viazi, chapati, tambi na ndizi kwa mpigo, na sisi tunapenda kuonja kila kitu. Onja kesho. Mtori uhesabu kama wanga, machalari vilevile: bakuli moja la mtori limeshachukua zamu ya wali. Wachagga wenzangu hapa hunikasirikia, najua. Ile supu ya kwanza inayoletwa na kipande cha mkate mara nyingi imefanywa nzito kwa unga au viazi, kwa hiyo kunywa supu na mkate uuache.

Mhudumu akija, mwulize bila aibu: "Dada, mchuzi huu umewekwa sukari?" Kuku wa mchuzi mtamu-mtamu na nyama zenye sosi nyekundu mara nyingi zina sukari. Nyama ya kuchoma yenye chumvi na ndimu haina neno. Mwisho wa meza kuna matunda yaliyokatwa. Papai au tikiti vipande vitatu vinne vinatosha, na juisi ya embe ni embe nyingi kwenye glasi moja.

Insulini ya jioni fuata sheria ile ile ya asubuhi. Bufee ikitangazwa saa 1 usiku, usichome chumbani saa 12 na nusu. Nenda kwanza uhakikishe vifuniko vimefunguliwa.

Anayekunywa bia au mbege anywe akiwa ameshakula, na kidogo. Ini likishughulika na pombe huacha kutoa sukari yake ya akiba, na kushuka kwenyewe huja usiku wa manane, wakati wenzako wanadhani umelewa. Pima kabla ya kulala. Ikiwa chini ya 6 na unatumia insulini au umekunywa, kula kitu kidogo, mkate au glasi ya maziwa, ulale na ile juisi ya boksi pembeni ya mto.

Hatua ya 9: Asubuhi ya kurudi

Pima kabla ya chai. Namba ikiwa 11 au 12 baada ya bufee, usiruke chai ili "kuifidia", na usijiongezee dozi kwa hasira. Kunywa maji, meza au choma dawa yako kama ulivyoelekezwa, kula mayai na mboga, wanga upunguze kidogo, kisha tembea bustanini mpaka gari liwashwe. Daftari lako liandike namba pamoja na ulichokula. "12, chapati mbili na wali" inanisaidia kliniki kuliko 12 tupu.

Sindano na stripu zilizotumika zisiachwe kwenye ndoo ya chumbani, mfanyausafi atajichoma. Zitie kwenye ile chupa ngumu, funga kifuniko, urudi nayo Arusha. Siku ya kliniki njoo nayo, sisi tuna boksi la kuzitupia.