Redio mpya ya lori au vani: pima gari kwanza, nunua baadaye

Usianze na ukubwa wa skrini wala rangi ya taa. Anza na umeme wa gari, maana redio mpya huweza kuungua mara tu unapoichomeka ikiwa volti za gari zinazidi zake.

Vani na pikapu karibu zote hutumia volti 12. Malori makubwa mengi hutumia 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizofungwa mfululizo. Redio ya kawaida huvumilia takriban volti 11 hadi 16, ilhali injini ya lori ikiwaka alteneta hutoa karibu 28. Fyuzi haitakuokoa hapo: hukatika kwa wingi wa ampea, si kwa ukubwa wa volti, na sakiti huweza kufa kabla fyuzi haijakatika.

Kuhesabu betri hakutoshi. Zipo pikapu na vani za dizeli zenye betri mbili zilizofungwa sambamba, na hizo bado ni volti 12. Yapo pia malori yenye konveta (kifaa cha kupunguza volti) ya kiwandani ambayo tayari inaipa redio volti 12. Kwa hiyo chomoa redio ya zamani na uweke multimita (kifaa cha kupimia umeme) kwenye soketi yake yenyewe.

Ukikuta 24, njia safi ni kununua redio ya volti 24, ingawa aina zake ni chache. La sivyo, funga konveta ya 24 kwenda 12. Angalia ampea inazotoa mfululizo, si zile za kilele zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi; zisipungue fyuzi iliyo nyuma ya redio, ambayo mara nyingi ni ya ampea 10 au 15. Kosa baya kuliko yote ni kuchukua volti 12 kutoka betri moja kati ya zile mbili. Betri hiyo hubaki na chaji pungufu kila siku, mwenzake huchajiwa kupita kiasi, na zote mbili huharibika mapema.

Sasa pima tundu la dashibodi. Saizi ndogo ni milimita 180 kwa 50, kubwa ni 180 kwa 100. Toyota nyingi zina tundu la 200 kwa 100, hivyo redio ya 180 huacha pengo pembeni linalohitaji fremu. Kipimo kinachosahaulika ni kina. Nyuma ya redio kuna plagi, waya wa eriali na fundo zima la nyaya, na vyote vinataka nafasi. Ukilazimisha, unaminya nyaya hadi zichubuke. Nafasi ikiwa finyu, chagua redio isiyo na sehemu ya CD, kwa kuwa bodi yake huwa fupi. Kwa gari linalopita barabara za vumbi na mashimo, hilo ni chaguo zuri hata nafasi ikiwepo.

Kwenye nyaya za redio nyingi, njano ni umeme wa kudumu, nyekundu hupata umeme ufunguo ukizungushwa, na nyeusi huenda kwenye bodi ya gari. Nyeupe ni spika ya mbele kushoto, kijivu mbele kulia, kijani nyuma kushoto, zambarau nyuma kulia. Yenye mstari mweusi ndiyo hasi. Rangi hizo ni za redio, si za gari, kwa hiyo upande wa gari tafuta kwa multimita: zima ufunguo uone pini ipi bado ina volti, kisha washa uone ipi imeongezeka. Redio ikisahau saa na stesheni kila ukizima gari, mara nyingi njano na nyekundu zimebadilishana. Ukiziunganisha zote mbili kwenye umeme wa kudumu, redio haitajizima na ufunguo na betri italala. Vani nyingi mpya hazina kabisa pini ya ufunguo, kwani redio huwashwa kwa ujumbe wa mfumo wa CAN, yaani mtandao unaounganisha kompyuta za gari. Hapo unahitaji adapta ya gari hilo.

Hasi za spika zisiguse bodi wala zisiunganishwe pamoja. Amplifaya ya ndani ya redio huweza kuungua.

Kuhusu nguvu, “wati 50 mara 4” ni kilele. Tafuta neno RMS, yaani nguvu inayotolewa mfululizo. Redio isiyo na amplifaya ya nje hutoa takriban wati 17 hadi 22 kwa kila spika ya omu 4. Kama kelele ya injini inaifunika sauti hiyo, spika bora zitakusaidia kuliko redio ghali.

Gari lililotengenezwa kwa soko la Japani mara nyingi lina eriali yenye kikuza mawimbi. Unganisha waya wa bluu wa redio kwenye waya wa umeme wa kikuza hicho, la sivyo FM itakoroma hata kwa redio nzuri. Kwa simu, chagua redio yenye maikrofoni ya waya na uibane karibu na kioo cha mbele, mbali na dirisha la dereva.

Kabla ya kusukuma redio ndani, jaribu spika moja moja, taa, na kuzima kwa ufunguo. Kisha funga skrubu ya nyuma kwenye utepe wa chuma. Redio inayoshikwa na fremu ya mbele tu hulegea kwa mtikisiko wa lori.