Somo: Kutambua nani anamteka nani katika sanaa ya visasili vya Kigiriki

Ukiona mwanamume amembeba binti anayepiga mayowe, usikimbilie kusema ni Hades, mungu wa kuzimu, na Persephone, binti aliyemteka. Umbo hilo lilitumika kwa visa vingi. Anza na mtekaji. Mabinti karibu wote wanafanana, nywele zimetimka na mkono mmoja uko juu.

Hatua ya 1: Anachukuliwa na nani, au na nini?
Fahali akikata maji ni Zeus, mfalme wa miungu, aliyejigeuza, na aliye mgongoni ni Europa, binti wa Foinike, akipelekwa Krete. Gari la farasi wanne, fikiria Hades. Mwanamume mwenye mabawa ni Boreas, upepo wa kaskazini, akimnyakua binti Oreithyia; akiwa ni mwanamke mwenye mabawa, huyo ni Eos, mungu wa kike wa mapambazuko, akimnyakua kijana Kephalos. Nusu mtu nusu farasi ndiye anayewakosesha wengi: pakiwa na mto ni Nessus akimteka Deianeira, mke wa Herakles, lakini pakiwa na vurugu za karamu ni harusi ya Walapithi, kabila la Kigiriki ambalo wageni wao nusu farasi walilewa wakawashika wanawake.

Hatua ya 2: Kagua pembeni na chini.
Maua yaliyomwagika yanamhusu Persephone, aliyekuwa akiyachuma. Katika sanamu ya Hades na Persephone ya mchongaji Bernini (1621–1622, Galleria Borghese, Roma) zunguka mpaka umwone Cerberus, mbwa wa vichwa vitatu anayelinda kuzimu. Kisha sogea karibu: vidole vya mungu vimezama kwenye paja la binti, marumaru ikabonyea kama nyama, na chozi liko shavuni. Hakuna anayeweza kuiita sanamu hiyo mapenzi akishaliona chozi lile.

Hatua ya 3: Uliza ni ya lini.
Kwenye vyombo vya udongo vya karne ya 5 KK, mara nyingi mungu bado anakimbiza, hajashika. Katika mchoro wa ukutani wa kaburi la Vergina, kaskazini mwa Ugiriki, karne ya 4 KK, Hades tayari yuko garini na Persephone mkononi, Hermes, mjumbe wa miungu, anatangulia farasi, na rafiki wa Persephone amejikunyata kwa hofu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, nikiona tai na mvulana, ni Ganymedes, yule aliyetekwa na Zeus, moja kwa moja?
Jibu: Karibu kila mara. Ila usimtafute tai kwenye kazi za kale zaidi. Sanamu ya udongo wa kuchoma kutoka Olympia, karne ya 5 KK, inamwonyesha Zeus mwenyewe akitembea na kijana kwapani, na kijana ameshika jogoo, zawadi ya mpenzi kwa desturi ya Wagiriki. Mchoraji Rembrandt mwaka 1635 alimfanya Ganymedes mtoto mchanga anayelia na kukojoa kwa woga.

Swali: Ile sanamu ya Giambologna pale Florence, watu watatu wamepandana, ni kisa gani?
Jibu: Ni wanawake wa Wasabini wakitekwa na Warumi, kisa cha Kirumi, kwa hiyo haimo kwenye somo hili. Tena jina lilikuja baadaye. Aliichonga kwanza kuonyesha ufundi, ikasimamishwa mwaka 1583.

Swali: Na wanaume wawili, mabinti wawili, farasi wawili?
Jibu: Ni ndugu mapacha Castor na Polydeuces wakiwateka mabinti wa mfalme Leucippus. Rubens aliichora yapata 1618, iko Munich. Tazama vitoto vyenye mabawa vilivyoshika hatamu: ndivyo mchoraji alivyougeuza utekaji kuwa jambo la mapenzi.